Kobe wa Upemba na Maji Yanayotoka Likasi

Mvua kubwa ikinyesha Kamatanda, huko Likasi, maji hushuka mekundu kutoka kwenye machimbo. Likasi ni mji wa shaba na kobalti, na udongo wake husafiri na maji. Mito kama Panda na Buluo huyapeleka kwenye mto Lufira. Lufira nayo huelekea kaskazini, huporomoka Kiubo, kisha hukutana na mto Lualaba katika bonde la Upemba, penye maziwa, vinamasi na mafunjo yasiyo na mwisho.

Ndani ya bonde hilo anaishi kobe wa majini anayepatikana Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo pekee: Pelusios upembae, kobe wa Upemba.

Hifadhi ya Taifa ya Upemba ilianzishwa mwaka 1939. Kati ya 1946 na 1949, Mbelgiji Gaston-François de Witte aliongoza msafara mrefu wa kukusanya viumbe wake, kuanzia vyura hadi nyoka. Hata hivyo, kobe huyu alikaa bila jina lake mwenyewe hadi 1981, mtaalamu wa wanyama watambaao Donald Broadley, aliyefanya kazi Zimbabwe, alipomtenga na ndugu zake wa kusini mwa Afrika. Ndugu wa karibu anayefanana naye huishi mbali sana, katika maji ya Okavango na Zambezi ya juu.

Mshike kobe wa jamii hii, umgeuze chali. Gamba la tumbo halikuundwa kwa kipande kimoja. Sehemu ya mbele, kuanzia kifuani kwenda shingoni, imeungwa na bawaba, kama kifuniko cha sanduku. Akiogopa, hukunja shingo ubavuni, kwa sababu hawezi kuirudisha nyuma moja kwa moja kama kobe wa nchi kavu. Kisha misuli huvuta kifuniko juu, na kichwa na miguu ya mbele hufichika kabisa. Fisi maji atageuza gamba huku na huku asione pa kuingiza jino.

Makobe wa bawaba hula konokono, wadudu, viluwiluwi, samaki wadogo na hata mizoga. Jike hutoka majini kutaga mayai kwenye udongo. Bwawa likikauka, wengi wao hujichimbia kwenye matope na kulala humo mpaka mvua irudi. Kwa hiyo matope kwao ni jiko na ni kitanda.

Hapo ndipo habari za Kamatanda na za Upemba zinapokutana. Metali zinazosombwa na maji hazipotei. Hutuama chini, zikaingia kwenye konokono, kisha kwa anayemla konokono. Bwawa la Mwadingusha limezaa ziwa Tshangalele, na ziwa hilo hupokea sehemu ya uchafu wa viwanda na migodi ya Likasi kabla maji hayajaendelea na safari. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Ubelgiji walichapisha vipimo vya mkojo wa wakazi wa eneo la Katanga, lenye Likasi, wanaoishi karibu na migodi na viwanda, na wakakuta kobalti kwa viwango vya juu mno, hasa kwa watoto. Bawaba humkinga kobe na meno, lakini haizuii kitu kilichoyeyuka ndani ya maji anayokunywa.

Katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, kobe wa Upemba amewekwa kwenye kundi la wale ambao taarifa zao hazitoshi. Bonde la Lufira limetambuliwa tangu 2017 kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa chini ya mkataba wa Ramsar, na heshima hiyo inadai vipimo. Njia ipo, tena nyepesi: kobe huishi miaka mingi, na gamba lake huhifadhi metali alizokula. Kwingineko duniani, watafiti hukwangua unga kidogo wa gamba, wakaupima, na mnyama akarudi majini akiwa mzima. Wavuvi wa ziwa Kisale, katika bonde la Upemba, ambao nyavu zao hushuka majini kila siku, wangeweza kuianza kazi hiyo pamoja na vyuo vya Likasi na Lubumbashi.