Kupanua nyumba ya msituni bila kuiharibu

KUONGEZA vyumba katika nyumba ya kisasa ya miaka ya 1950 iliyojengwa msituni ni mtihani mgumu. Nyumba hizo husifika kwa paa tambarare, kuta za vioo na umbo jepesi. Jengo jipya likizidi kimo au likibandikwa ukutani, huufunika uzuri wa lile la awali na kuziba mandhari ya miti.

Mfano mwema upo New Canaan, jimbo la Connecticut, Marekani. Msanifu John Black Lee alijenga huko nyumba ya vioo mwaka 1956. Mwenzake wa Japani, Kengo Kuma, alipopewa kazi ya kuipanua, alijenga kando yake jengo la mbao na vioo lililokamilika mwaka 2010. Aliyaunganisha mawili hayo kwa ushoroba wa vioo, yakawa na umbo la herufi L.

Kiungo chepesi kama hicho huiacha nyumba ya kale ilivyo, na macho hutambua lipi lilitangulia. Basi kabla ya kumwaga zege, mwenye nyumba na apime atakachopoteza: mizizi ikikatwa, mti wa miongo mingi huweza kufa, na sura ya nyumba ikishaharibiwa, kuirejesha si rahisi.