Je, Wajua? Alizirai Ulingoni, Akazinduka Bingwa

Je, wajua kuwa medali ya dhahabu ya karate, uzito wa zaidi ya kilo 75, katika Olimpiki ya Tokyo ilikwenda kwa mchezaji aliyekuwa amepoteza fahamu?

Ilikuwa Agosti 7, 2021, katika ukumbi wa Nippon Budokan. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa akimwongoza Sajad Ganjzadeh wa Iran kwa pointi 4 kwa 1. Akarusha teke la juu, likampata mwenzake sawasawa. Ganjzadeh akaanguka, akabebwa kwa machela huku amevalishwa barakoa ya oksijeni.

Teke la kichwani ndilo lenye thamani kubwa, pointi 3, ila sharti mpigaji alizuie lisiumize. Waamuzi wakashauriana, kisha wakamwondoa Hamedi kwa kutumia nguvu kupita kiasi. Machozi yakamtoka: alikuwa karibu kuipa nchi yake dhahabu ya kwanza kabisa ya Olimpiki. Inauma, lakini waamuzi walitenda haki, maana kanuni hiyo ndiyo inayolinda uhai wa wachezaji. Ganjzadeh alipozinduka ndipo akaambiwa kuwa ameshinda.

Siku hiyohiyo, kwenye karate ya wanawake, Feryal Abdelaziz alimshinda Irina Zaretska wa Azerbaijan 2-0, akawa mwanamke wa kwanza wa Misri kutwaa dhahabu ya Olimpiki. Waafrika tulipaswa kulishangilia jina lake zaidi.

Karate haikuwamo kwenye Olimpiki ya Paris, 2024.