Kielezi "tatra" katika Kisanskriti: Maana na Matumizi

Kielezi tatra ni miongoni mwa maneno ambayo mwanafunzi wa Kisanskriti hukutana nayo mapema. Aghalabu hufunzwa kuwa maana yake ni "pale" au "huko", naye hutosheka. Hata hivyo, maana hiyo haimtoshelezi aanzapo kufasiri matini.

Kimuundo, neno hili lina sehemu mbili: shina ta- la kiwakilishi tad, yaani "yule" au "kile", na kiambishi tamati -tra. Mwanasarufi Pāṇini, katika Aṣṭādhyāyī, anakiita kiambishi hicho tral (herufi ya mwisho ni alama tu, haitamkwi) na kueleza kuwa huongezwa kwenye viwakilishi vilivyo katika hali ya saba, ambayo ndiyo hali ya mahali. Kiambishi hichohicho kimo katika atra (hapa), kutra (wapi), anyatra (kwingine) na sarvatra (kila mahali).

Kutokana na asili hiyo, tatra hufanya kazi ya kiwakilishi: hurejelea kilichokwisha kutajwa. Kwanza, huonyesha mahali au mwelekeo. Mathalani, tatra tiṣṭhati ni "anasimama hapo", ilhali tatra gacchati ni "anakwenda huko". Pili, huandamana na nomino: tatra vane ni "katika msitu ule". Tatu, hurejelea hali au hoja, kwa maana ya "katika jambo hilo". Nne, huunda jozi na kirejeshi yatra: yatra nadī tatra grāmaḥ, yaani "palipo na mto, hapo pana kijiji".

Aidha, lipo tumizi la heshima. Katika tamthilia, tatrabhavān ni mheshimiwa asiyekuwapo, na atrabhavān ni mheshimiwa aliyepo. Mfasiri akiandika "bwana wa huko" atakuwa amepotosha maana; "mheshimiwa yule" ingefaa zaidi.

Kiswahili hubainisha mahali kwa pa-, ku- na mu-, lakini tatra haibainishi hivyo. Ikiwa kilichotajwa ni nyumba na mtu yumo ndani yake, Kiswahili kitadai "humo", ingawa neno la Kisanskriti halisemi lolote kuhusu undani. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua baina ya "hapo", "huko" na "humo", mfasiri hana budi kurudi nyuma katika matini na kutambua tatra imesimama badala ya neno gani.