Gesi Haiishi, Huvuja

Fundi wa viyoyozi anayeitwa nyumbani kwa mtu ana hatua nne: kusikiliza, kupima, kurekebisha, kupima tena. Nilipanga kuzieleza kwa mfuatano huo, lakini hiyo ya pili haielezeki kabla ya kung'oa uzushi ninaokutana nao kila nyumba, kwamba gesi ya kiyoyozi huisha na kila miezi sita sharti iongezwe.

Haiishi. Haiungui kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa: kompresa inaibana, inaacha joto nje, inatanuka, inabeba joto la chumba, inarudi. Ikipungua, pana mahali inapotokea. Anayeongeza gesi bila kutafuta mahali hapo amemuuzia mteja upepo.

Na mara nyingi haijapungua hata kidogo. Bomba likiganda barafu, watu husema gesi imekwisha. Fungua kwanza kifuniko cha ndani, utoe chujio. Likizibwa na vumbi, hewa ya chumba haifiki kwenye koili, na koili huganda. Lioshe kwa maji, likauke, lirudishe.

Kama kweli inavuja, anzia kwenye nati za shaba za mtambo wa nje. Mafuta ya kompresa husafiri na gesi, hivyo gesi inapopenya huacha utando wa mafuta, na vumbi hunasa hapo. Pitisha kidole chini ya nati: ukiona weusi unaoteleza, paka povu zito la sabuni, tulia, tazama. Kiputo kinachovimba polepole kinatosha kuwa ushahidi. Kwa kawaida mdomo wa bomba ulitanuliwa vibaya, au nati ilikazwa kwa kukisia. Kata mdomo huo, utanue upya, jaribu kwa naitrojeni, vuta hewa yote kwa pampu, kisha pima gesi kwa mizani kulingana na kibandiko cha mtambo.

Nasisitiza mizani. Wapo wanaojaza mpaka geji kwenye bomba la gesi inayorudi isome psi 65, basi. Namba hiyo ilizoeleka kwa gesi ya R22. Gesi ya R410A kwenye bomba hilohilo hufanya kazi karibu na 120. Ukiijaza hadi 65 umeacha mtambo na njaa.

Ukiitwa kwenye friji badala ya kiyoyozi, kumbuka kwamba friji nyingi mpya za nyumbani hutumia gesi ya R600a, gramu chache tu, nayo inawaka. Fungua madirisha, toa gesi yote nje, na bomba ulikate kwa kikatio, usilifungue kwa moto.