MTUMBWI UNAPOBEBWA NA MTU
Safari za maskauti katika maziwa ya kaskazini ya Amerika

Wengi wetu tumezoea kuona mtumbwi ukimbeba mtu. Wavuvi wa Ziwa Victoria, watu wa Mto Tana na ndugu zetu wa pwani hupanda mitumbwi kila siku, na kazi ikiisha huivuta ufuoni na kuiacha. Lakini iko nchi moja ya mbali ambako msafiri hushuka mtumbwini mara nyingi kwa siku, akauinua, akaubeba mabegani na kwenda nao kwa miguu msituni mpaka afike kwenye maji mengine. Nchi hiyo iko kwenye mpaka wa Marekani na Kanada, na miongoni mwa wanaosafiri hivyo kila mwaka ni makundi ya maskauti.

Yafaa tueleze habari zao, kwa sababu maskauti wako Kenya pia, na mwanzilishi wao, Lord Baden-Powell, alikaa Nyeri katika miaka yake ya mwisho. Alifariki huko tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko huko hata leo. Tena msomaji ataona kwamba safari hizi si mchezo wa vijana tu. Mna ndani yake mafundisho yamfaayo kila mtu anayesafiri majini au anayechukua mzigo pamoja na wenziwe.

NCHI YA MAZIWA

Kwanza hapana budi kufahamu kwa nini mtu aubebe mtumbwi. Zamani sana nchi hiyo ilifunikwa na barafu nene, unene wa maili nzima au zaidi mahali pengine. Barafu hiyo ilisogea polepole, ikakwangua udongo na kuchimba mashimo katika mwamba. Ilipoyeyuka, miaka zaidi ya 10,000 iliyopita, mashimo yakajaa maji. Ndiyo sababu leo katika jimbo la Minnesota, upande wa Marekani, iko hifadhi iitwayo Boundary Waters yenye eka zaidi ya 1,000,000 na maziwa zaidi ya 1,000. Upande wa Kanada, katika jimbo la Ontario, iko hifadhi nyingine iitwayo Quetico, ambayo ilifanywa hifadhi ya jimbo mwaka 1913.

Maziwa hayo yako karibu karibu, lakini hayakuungana yote. Baina ya ziwa moja na la pili pengine kuna ukingo wa mawe na msitu. Pengine uko mto, lakini maji yake hupita kwa nguvu juu ya mawe na kuanguka. Barabara hakuna ndani ya msitu huo, na katika maziwa mengi vyombo vya injini haviruhusiwi. Basi msafiri hupiga kafi mpaka mwisho wa ziwa, hushuka, huchukua mtumbwi na mizigo kwa njia nyembamba, kisha hupanda tena. Wenyeji huiita njia hiyo "portage", neno la Kifaransa lenye maana ya kubeba. Sisi tutaiita njia ya kubebea.

Urefu wa njia hizo hupimwa kwa "rod", kipimo cha kale cha Kiingereza. Rod moja ni futi 16 na nusu, karibu sawa na urefu wa mtumbwi mmoja, na rod 320 ni maili moja. Ziko njia fupi za rod 10, na ziko nyingine zipitazo maili nzima.

WACHUKUZI WA ZAMANI

Maskauti hawakuzikata njia hizi. Watu wa kabila la Ojibwe, ambao wangaliko huko hata leo, walizitumia kabla ya Wazungu kuja. Walitengeneza mitumbwi yao kwa gome la mti uitwao birch, wakaishona kwa mizizi na kuziba mishono kwa utomvu wa miti. Mtumbwi wa namna hiyo ni mwepesi, na ukitoboka mtu aliyeijua kazi aliweza kuutengeneza kwa vitu alivyovipata msituni.

Wazungu walipofika kutafuta ngozi za wanyama kwa biashara, waliiga mitumbwi hiyo na kufuata njia zile zile. Katika miaka ya 1700 makampuni ya ngozi yaliajiri wachukuzi wengi, hasa Wafaransa wa Kanada. Mzigo mmoja ulikuwa na uzito wa ratli 90, na desturi ya mchukuzi ilikuwa kubeba miwili kwa mara moja, yaani ratli 180. Aliifunga kwa mkanda uliopita kwenye paji la uso, kama wanawake wa Ukikuyu walivyozoea kuchukua kuni. Njia moja maarufu, iitwayo Grand Portage, ilikuwa na urefu wa maili 8 na nusu. Wasomaji waliosimuliwa na wazee habari za wapagazi wa misafara ya Mombasa na Bagamoyo watafahamu taabu ya watu hao.

Huenda mtu akauliza: kwa nini hawakupita mtoni na kuepuka mizigo hiyo? Jibu ni kwamba wengine walijaribu. Mwaka 1960 wapiga mbizi walichunguza chini ya maporomoko ya Horsetail katika Mto Granite, ulio mpakani. Wakakuta masufuria 17 ya shaba, yametiwa moja ndani ya jingine kama yalivyofungwa na mfanyabiashara. Bila shaka mtumbwi uliochukua mzigo huo ulipinduka. Na kando ya maporomoko mengine wasafiri wa zamani waliona misalaba ya miti iliyosimamishwa kwa ajili ya watu waliozama.

Kwa hiyo fundisho la kwanza analopewa kijana ni hili: ukisikia ngurumo ya maji mbele yako, elekea ukingoni na ushuke. Kijana aliyechoka huanza kusema moyoni, "Kupita majini ni dakika moja, na kubeba ni nusu saa." Maneno hayo ndiyo yanayoua watu. Njia ya kubebea ilikatwa mahali pale kwa sababu hapapitiki salama.

KUFUNGA MIZIGO

Chama cha maskauti cha Marekani kilianzishwa mwaka 1910. Mpaka mwaka 2025 kiliitwa Boy Scouts of America, na sasa kinaitwa Scouting America. Tangu mwaka 1923 chama hicho kimekuwa na safari za mitumbwi katika nchi hii, na kituo chake kiko karibu na mji wa Ely, Minnesota. Sheria ya hifadhi ya Boundary Waters yasema kwamba kundi moja lisizidi watu 9 na vyombo 4. Basi kundi la watu 9 hugawanyika katika mitumbwi mitatu, watu watatu katika kila mmoja.

Kabla ya kuondoka, vitu vyote hutandazwa chini, na kila kimoja huulizwa sababu ya kwenda. Ramani, dira, hema, kamba, shoka dogo, sufuria, dawa za majeraha na nguo kavu huenda. Vyakula ni vikavu, kama mchele, maharagwe na unga. Makopo na chupa hayaruhusiwi na sheria, maana watu wa zamani waliyaacha mengi msituni. Baada ya hayo mizigo hutiwa katika mashanta makubwa ya kubeba mgongoni.

Sababu ya ukali huo ni hesabu nyepesi. Ikiwa njia ya kubebea ni maili moja, na kundi laweza kuchukua kila kitu kwa mara moja, kila mtu atatembea maili 1. Lakini mizigo ikizidi, watakwenda na nusu, watarudi mikono mitupu, kisha watakwenda tena na nusu iliyobaki. Hapo kila mtu atakuwa ametembea maili 3 katika njia ya maili 1. Siku yenye njia tano za nusu maili, wenye mizigo kidogo hutembea maili 2 na nusu, na wenye mizigo mingi hutembea maili 7 na nusu. Kitu kilichochukuliwa nyumbani kwa anasa hulipiwa kwa miguu.

JINSI YA KUUBEBA MTUMBWI

Mtumbwi wa alumini wenye urefu wa futi 17 una uzito wa ratli 75 hivi. Mitumbwi mipya iliyotengenezwa kwa nyuzi ngumu ziitwazo Kevlar ina ratli 40 na kitu. Yote hubebwa na mtu mmoja, kwa ufundi. Katikati ya mtumbwi umepita mti uliochongwa kama nira ya ng'ombe, wenye mito miwili ya mabega. Mwenye kubeba huuinua mtumbwi ukae juu ya mapaja yake, hushika ukingo wa karibu kwa mkono mmoja na wa mbali kwa mkono wa pili. Kisha huuzungusha kwa nguvu za miguu na kuugeuza juu ya kichwa, mpaka mti ule ukae mabegani. Anayejifunza husaidiwa na mwenzake anayeinua upande wa mbele.

Mtu aliye chini ya mtumbwi haoni mbali. Huona hatua chache tu mbele ya miguu yake. Kwa hiyo mwenziwe mwenye shanta hutangulia na kumwambia penye jiwe, tope au mzizi. Hapo nguvu peke yake hazitoshi. Aliye na nguvu hawezi kwenda bila macho ya mwenzake, na mwenye macho hawezi kuuinua mtumbwi peke yake.

Wahenga walisema, "Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi." Mtu huona mzigo wa mwingine kuwa mwepesi mpaka atakapoubeba. Ndiyo maana katika kundi zuri mizigo hubadilishwa: aliyebeba mtumbwi katika njia ya kwanza hubeba shanta katika njia ya pili. Na desturi yao ni kwamba aliyefika mwisho hakai chini kupumzika. Hutua mzigo wake, hurudi kumpokea aliye nyuma, na mwendo wa kundi zima ni mwendo wa aliye mdogo au dhaifu kuliko wote. Desturi hiyo haikuwekwa kwa upole tu. Ndani ya msitu ule hakuna motokaa wala hospitali. Kijana aliyeachwa nyuma akaharakisha na kuvunjika mguu, itabidi wenzake wambebe yeye pia, na pengine itapita siku nzima au zaidi kabla hajafika kwa daktari.

KAMBINI

Jioni kundi hutafuta mahali pa kambi. Katika Boundary Waters mtu halali popote apendapo. Ziko kambi zilizowekwa, kila moja ina chuma cha kuzuia moto usienee na choo cha shimo. Vyombo na mwili huoshwa mbali na ziwa, yapata futi 150, ili sabuni isiingie majini. Maji ya kunywa huchemshwa au kuchujwa kwa chombo maalumu, maana hata maji yanayong'aa huweza kuwa na vijidudu vya tumbo.

Msitu huo una dubu weusi, ambao hupenda chakula cha watu. Kwa hiyo chakula huhifadhiwa katika makasha ambayo dubu hawezi kuyafungua, au huning'inizwa kwa kamba, futi 12 kutoka chini na futi 6 kutoka shina la mti. Asubuhi moto huzimwa kwa maji mpaka majivu yapoe mkononi, na takataka zote hufungwa na kubebwa. Kundi likiondoka, watakaokuja nyuma yao wakute mahali kama walivyopakuta wao.

UPEPO NA MAJI BARIDI

Hatari kubwa kuliko dubu ni maji yenyewe. Maziwa hayo huganda wakati wa baridi, na hata baada ya barafu kuyeyuka maji hubaki baridi kwa majuma mengi. Mtu akianguka humo, mikono hufa ganzi upesi na hata mwogeleaji hodari hushindwa. Kwa hiyo kila mmoja huvaa kizibao cha kuelea, tena hukifunga vizuri. Kilichowekwa chini ya kiti hakimfai mtu aliyekwisha kuanguka. Safari huanza alfajiri kabla ya upepo, nao hufuata ukingo badala ya kukata katikati ya ziwa. Ngurumo ikisikika hutoka majini mara moja. Mtumbwi ukipinduka, huushikilia, kwa maana mtumbwi huonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu.

FAIDA KWETU

Haya hayahusu Amerika peke yake. Watu wetu wangapi wamezama kwa sababu chombo kilijazwa kupita kiasi, au kwa sababu nahodha aliona upepo ukija akasema atafika upesi? Wangapi wamejaribu kuvuka mto uliofurika ili wasizunguke mpaka darajani? Aliyepita mtoni na masufuria yake 17 alikuwa na haraka kama yao.

Baden-Powell alipofanya kambi yake ya kwanza katika kisiwa cha Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, aliwakusanya watoto wa matajiri na wa maskini wakafanya kazi pamoja. Neno la maskauti lilikuwa na lingali ni hili: "Uwe Tayari." Katika maziwa ya kaskazini maana yake huonekana wazi. Aliye tayari ni yule aliyefunga mzigo mdogo, aliyevaa kizibao chake, aliyeshuka kabla ya maporomoko, na aliyerudi nyuma kumpokea mwenzake. Mtu akifanya hivyo, mtumbwi alioubeba asubuhi utambeba yeye jioni mpaka kambini.