Kupima Mimeto ya Setilaiti Zinazobiringika

Mtu atazamaye mbingu baada ya giza kuingia, au kabla ya kupambazuka, huweza kuona nukta ya nuru ikikata anga polepole bila kupepesa. Hiyo ni setilaiti. Haina nuru yake yenyewe. Huonekana kwa sababu jua, ambalo kwetu limekwisha kutua, bado linaiangaza huko juu. Lakini baadhi ya nukta hizo hung'aa ghafla, hufifia, kisha hung'aa tena kwa vipindi vinavyokaribia kulingana. Makala haya yaeleza sababu ya mimeto hiyo, na jinsi mwanafunzi awezavyo kuipima.

Setilaiti inayofanya kazi huelekezwa na mitambo yake. Mitambo ikiharibika, chombo huweza kuanza kubiringika. Hali kadhalika kipande cha mwisho cha roketi, kikiisha kuachwa angani. Nyuso zake hurudisha nuru ya jua kama kioo kinachozungushwa mkononi: kila uso mmoja ufikapo kwenye pembe ifaayo, mtazamaji huona mmeto.

Kifaa cha lazima ni saa ya kupimia muda, kama ile itumikayo katika mashindano ya mbio. Jina la chombo hupatikana katika majedwali ya utabiri wa mapito, ambayo hutolewa hadharani. Mmeto wa kwanza uhesabiwe "sifuri", si "moja", kwani tunahesabu vipindi vilivyo kati ya mimeto. Tuchukue mfano: saa imeanzishwa kwenye mmeto sifuri na kusimamishwa kwenye mmeto wa 15, nayo yaonyesha sekunde 63.0. Kipindi ni 63.0 ÷ 15, yaani sekunde 4.2. Kama mkono ulikosea kwa sekunde 0.3, kosa hilo nalo hugawanywa kwa 15, likabaki sekunde 0.02 tu. Hapa ndipo ilipo nguvu ya njia hii: hesabu ikiwa ndefu, kosa la mkono hupungua.

Tahadhari mbili zahitajika. Kwanza, chombo chenye umbo la pipa huweza kumeta mara mbili katika mzunguko mmoja. Kwa hiyo kipindi cha mimeto si lazima kiwe kipindi cha mzunguko. Pili, chombo kipitapo angani, pembe kati ya jua, chombo na mtazamaji hubadilika, na kipindi kionekanacho hutofautiana kidogo na kile cha kweli. Kwa sababu hiyo tarehe, saa na mahali pa kutazamia viandikwe daima.

Kipimo kimoja hueleza machache. Vipimo vya miezi mingi hufichua kani zisizoonekana. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Envisat, yenye uzito wa tani 8 hivi, ilipoteza mawasiliano mwezi Aprili 2012. Vipimo vya leza vya mwaka 2013 vilionyesha kuwa huzunguka mara moja kwa karibu sekunde 135, na kwamba kipindi hicho kilikuwa kikirefuka kwa takriban sekunde 0.04 kila siku. Uga wa sumaku wa Dunia huamsha mikondo ya umeme katika metali inayozunguka, na mikondo hiyo huupinga mzunguko. Kinyume chake, TOPEX/Poseidon, iliyoacha kazi mwaka 2006, imeongeza kasi ya kuzunguka kwa kusukumwa na nuru ya jua. Mwaka 2016 kipindi chake kilikuwa sekunde 11 hivi.

Maarifa haya yana manufaa makubwa. Vyombo vibovu huweza kugongana na vizima, na wahandisi wanatafuta njia za kuviondoa. Hakuna awezaye kukamata chombo cha tani 8 asipojua kinavyozunguka. Huko Ubelgiji watazamaji wasio wataalamu wamekusanya vipimo vya mimeto kwa miaka mingi. Klabu ya sayansi ya shule, ikiwa na saa, daftari na subira, yaweza kufanya vivyo hivyo.