Jenereta Dogo: Namna ya Kulichagua na Kulitumia kwa Usalama

Umeme unapokatika jioni, mlio wa majenereta husikika kuanzia Ngarenaro hadi Usa River. Maduka, saluni na nyumba nyingi huyategemea ili shughuli zisisimame. Hata hivyo, jenereta lililochaguliwa vibaya huunguza vifaa, na lililowekwa mahali pasipofaa huweza kuua familia nzima usingizini.

Kuchagua ukubwa

Kabla ya kwenda dukani, mwananchi aorodheshe vifaa atakavyowasha kwa pamoja na kujumlisha wati zake. Mfano ni nyumba yenye taa nne za wati 10, televisheni ya wati 100 na friji ya wati 150: jumla ni wati 290. Lakini friji inapoanza kuwaka huweza kuvuta umeme mara tatu ya kawaida, hivyo hitaji hufikia wati 590 kwa muda mfupi.

Mwinuko nao una sehemu yake. Jiji la Arusha lipo takriban meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya miteremko ya Mlima Meru viko juu zaidi. Kwa kuwa hewa ni nyepesi, injini hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila meta 300 za mwinuko. Jenereta la wati 1,000 hubakiwa na wati 860 hivi mjini Arusha. Bado linatosha kwa nyumba hiyo, lakini pasi ya umeme au hita ya maji italizidi. Aidha, mnunuzi asome kiwango cha kazi ya mfululizo, si kile cha juu kabisa kinachoandikwa kwa herufi kubwa.

Mahali pake ni nje

Wengi huingiza jenereta ukumbini au stoo kwa kuhofia wezi na mvua. Hapo ndipo penye hatari. Moshi wake una gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Kufungua dirisha hakutoshi. Jenereta likae nje, angalau meta 6 kutoka milangoni na madirishani, bomba la moshi likielekezwa mbali na nyumba, ya jirani ikiwemo. Lifungwe kwa mnyororo na kuwekewa paa lisilo na kuta. Tahadhari iongezwe mwezi Juni na Julai, baridi inapowafanya watu kufunga kila tundu.

Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu ni dalili za sumu hiyo. Wote watoke nje mara moja, kisha mgonjwa apelekwe kituo cha afya hata kama anajisikia nafuu.

Mafuta na nyaya

Petroli iongezwe baada ya injini kuzimwa na kupoa. Ni marufuku kuchomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima: umeme huo hurudi kwenye nguzo, transfoma huupandisha hadi maelfu ya volti, na fundi wa TANESCO aliye juu ya nguzo huweza kufa. Anayehitaji kuunganisha nyumba nzima amtumie fundi mwenye leseni, afunge swichi ya kubadilishia umeme.

Ukitokea moto, piga simu 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.